Jina Lililo Juu ya Injini



Ukifunua boneti ya Nissan GT-R utakuta juu ya injini kibati kidogo chenye jina la mtu. Ni jina la fundi aliyeifunga injini ile peke yake, kutoka bloku tupu mpaka ikawa tayari kuwashwa. Kazi hiyo ilifanyika katika kiwanda cha Yokohama, Japani, ndani ya chumba kisichoruhusu vumbi, chenye joto linalodhibitiwa, na waliokabidhiwa waliitwa takumi, neno ambalo kwa Wajapani ni fundi aliyeiva. Idadi yao kwa wakati mmoja ungeweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Gari lilianza kuuzwa Desemba 2007, na lilipofika mwisho wake Agosti 2025 yalikuwa yametengenezwa magari kama 48,000. Pigeni hesabu wenyewe ni injini ngapi zilipita mikononi mwa watu wachache kiasi hicho.

Juzi kijana mmoja wa gereji ninayopeleka gari langu alinionyesha picha ya kibati hicho kwenye simu yake. Akaniambia, "Mzee wangu, hii ndiyo injini. Imefungwa kwa mkono. Hizi zetu zinazopita kwenye mkanda wa kiwanda kama chupa za soda zitaifikia wapi?" Nilimwambia jambo hilo halijibiwi tukiwa tumesimama mlangoni, nitamjibu redioni. Najua leo anasikiliza, kwa hiyo maneno haya ni yake kwanza, halafu ni ya wengine wote wanaoamini kwamba kitu kilichopita mkononi mwa mtu lazima kiwe bora kuliko kilichopita mbele ya mashine.

Niseme mapema kwamba ninawaheshimu watu wale wa Yokohama. Nimewahi kushika spana, najua maana ya kuinama juu ya injini tangu asubuhi mpaka magharibi. Lakini heshima ni jambo moja, na swali la kijana ni jingine, na ili nilijibu inabidi niwarudishe nyuma zaidi ya miaka 100.

Mwaka 1908, mtu aliyekuwa akiuza magari ya Cadillac ya Marekani huko Uingereza aliyapeleka kwenye jaribio lililosimamiwa na klabu ya kifalme ya magari ya nchi hiyo. Magari matatu ya namna moja yalifikishwa Brooklands, kwenye uwanja wa mbio, yakafumuliwa hadi kipande cha mwisho. Kila moja lilikuwa na vipande 721. Vikachanganywa vyote mpaka hakuna aliyejua kipi kilitoka wapi. Wasimamizi wakaondoa vipande 89, wakaweka vingine vipya kutoka kwenye akiba ya muuzaji. Kisha mafundi wakaambiwa: haya, yaungeni magari matatu. Walikuwa na spana na bisibisi tu. Tupa haikuruhusiwa.

Yakaungwa, yakawaka, na kila moja likakimbia maili 500, ambazo ni kama kilomita 800. Cadillac ikapewa tuzo ya Dewar kwa kazi hiyo.

Mnisikilize vizuri hapo kwenye tupa. Siku zile gari la kifahari la Ulaya lilifungwa kwa tupa. Kipande kilitoka kwenye mashine kikiwa kinene kidogo kuliko inavyotakiwa, fundi akakibana kwenye jiliwa, akakipunguza, akakijaribu, akakipunguza tena, mpaka kikaingia. Kazi nzuri, tena ya kujivunia. Ila pistoni iliyolainishwa hivyo kwa ajili ya silinda moja haikukubali silinda nyingine yoyote duniani. Gari likiharibika mbali na karakana lilikozaliwa, kipuri hakuna, mpaka apatikane fundi mwingine mwenye tupa aanze upya. Henry Leland, mkuu wa Cadillac, alikulia kwenye viwanda vya silaha na vya vifaa vya kupimia, na huko alijifunza kwamba ukipima sawasawa tangu mwanzo, huhitaji kulazimisha mwishoni.

Ni kipimo hicho kilichoiwezesha laini ya kiwanda, yaani mkanda ule alioutaja kijana, kuwapo. Watu wengi humtaja Henry Ford na mkanda wake wa Highland Park, na ni kweli kwamba kati ya 1913 na 1914 kazi ya kufunga injini moja ya Model T ilishuka kutoka karibu saa 10 hadi chini ya saa 4. Lakini mkanda ule usingetembea hata hatua moja kama kila pistoni ingekuwa inamsubiri mtu wa tupa. Kipande kilichokwenda mbele ya mfanyakazi kilipaswa kuingia mara moja.

Kuna kisa kingine ambacho kimenikaa kichwani tangu nilipokisoma. Alikisimulia mhandisi wa Rolls-Royce, Stanley Hooker, katika kitabu cha maisha yake. Ulikuwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Injini ya Merlin, silinda 12, lita 27, ndiyo iliyoirusha ndege ya Spitfire, na Uingereza ilihitaji Merlin nyingi kuliko Rolls-Royce walivyoweza kutengeneza. Ford wa Uingereza wakaombwa kusaidia. Wahandisi wa Ford wakaja, wakachukua michoro, wakaisoma, wakarudi na jibu kwamba kwa michoro ile hawawezi. Hooker akadhani wanashindwa kwa sababu vipimo ni vikali mno kwa watu waliozoea magari ya bei rahisi. Wakamweleza kwamba ni kinyume chake kabisa. Vipimo vya Rolls-Royce vilikuwa vimelegea mno. Kule Rolls-Royce palikuwa na mafundi mahodari wa kuvioanisha vipande kwa mkono, wakimaliza kile ambacho mchoro haukukisema. Ford hawakuwa na mafundi hao na hawakuwahitaji, kwa sababu kwao kila kipande kililazimika kuingia kwenye kila injini. Wakaichora michoro upya, kazi iliyowachukua karibu mwaka mzima. Walipoanza, kiwanda chao cha Trafford Park, Manchester, kilitoa Merlin zaidi ya 30,000.

Kijana wangu, hapo pana jambo ambalo lilinishangaza mimi mwenyewe. Kampuni iliyosifiwa kwa mkono ilikuwa na vipimo vilivyolegea, na kampuni ya mkanda ilikuwa na vipimo vilivyobana. Ustadi wa mafundi wale ulikuwa mkubwa mno, kiasi cha kuuficha ulegevu wa michoro.

Kwa hiyo mkono peke yake hauna daraja. Ninachosema mimi ni kwamba ubora wa injini hukaa kwenye kipimo, na mkono hupata thamani yake pale unaposhika kipimo ambacho laini haina nafasi ya kukishika.

Na nafasi hizo zipo. Chukueni gari moja lenye injini za aina zote mbili, Corvette ya sasa ya Chevrolet. Ile ya kawaida, Stingray, ina V8 ya lita 6.2 inayotengenezwa kwenye kiwanda kikubwa cha injini cha Tonawanda, jimbo la New York, kwa laini, nayo inatoa nguvu za farasi 490 hivi. Dada yake, Z06, ana V8 ndogo zaidi, ya lita 5.5, lakini yenye nguvu za farasi 670, inayozunguka hadi mara 8,600 kwa dakika. Hii ya pili hufungwa Bowling Green, Kentucky, na fundi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na jina lake hubandikwa juu yake.

Mtu mwenye haraka atasema mkono umeongeza farasi 180. Mkono haukuongeza hata farasi mmoja. Farasi wale wametoka kwenye usanifu: kamshafti nne zilizokaa juu ya valvu, krankshafti ya umbo jingine kabisa, injini inayovuta na kutoa hewa kwa kasi ambayo ile kubwa haiwezi kuifikia. Ungemwita takumi kutoka Yokohama aifunge injini ya Stingray kwa siku tatu, ingebaki injini ya farasi 490, ikiwa imefungwa vizuri sana.

Basi mkono unafanya nini pale Bowling Green? Tazameni valvu. Kati ya valvu na kile kinachoisukuma lazima pawe na nafasi ndogo, kwa sababu chuma kikipata moto kinatanuka. Nafasi ikizidi, injini inagonga na inapoteza nguvu. Ikikosekana, valvu haifungi sawasawa na mwisho inaungua. Kwenye injini ya Stingray kazi hiyo inafanywa na tapeti za mafuta, ambazo hujaa mafuta ya injini na kuziba nafasi zenyewe, leo na hata kilomita laki mbili zijazo. Hakuna anayepima, na hakuna haja ya kupima. Lakini ukitaka valvu ifunguke na kufunga zaidi ya mara 70 kwa sekunde, tapeti ya mafuta inakuwa mzigo. Kwa hiyo kwenye Z06 wameiondoa. Badala yake kuna visahani vidogo vya chuma vya unene tofauti, na kila valvu kati ya 32 hupewa kisahani chake baada ya kupimwa, kisahani kinachokusudiwa kubaki pale maisha yote ya injini. Tapeti za Stingray zinaweza kusamehe. Injini ya Z06 haina msamaha. Hapo ndipo unapotaka mtu mmoja anayejua alichokipima kwenye valvu ya tatu kabla hajafika ya nne.

Sababu ya pili ya mkono ni idadi. Laini ya mashine ni ghali kuijenga, nayo hurudisha fedha zake kwa wingi. Injini ya Bugatti yenye silinda 16 na lita 8 ilikuwa na vipande 3,712, na watu wawili waliifunga kwa siku sita. Mnajua waliifungia wapi? Salzgitter, Ujerumani, kwenye kiwanda kilekile cha Volkswagen kilichokuwa kikitoa injini za magari ya kawaida kwa wingi. Chini ya paa la kampuni moja, wengine walifunga injini za maelfu ya watu kwa laini, na wawili walifunga ya mtu mmoja kwa wiki nzima. Hakuna aliyeamua kwamba mkono ni mtakatifu. Magari yalikuwa mia chache tu, na kwa idadi hiyo mkono ndio njia yenye akili.

Na hata injini tunazoziita za mkono, sehemu zake ngumu zaidi hazikuguswa na mkono. Turudi kwa GT-R ya kijana. Ndani ya silinda zake za alumini hakuna slivu nene za chuma kama tulizozizoea. Kuna utando wa chuma wenye unene wa milimita 0.15, uliopulizwa kwa moto mkali mno unaoitwa plasma. Hakuna takumi anayeweza kupuliza kitu hicho kwa pumzi wala kwa brashi. Ni kazi ya mtambo. Huko Maranello, kwa Ferrari, kuna roboti mbili zilizopewa majina ya Romeo na Juliet. Vikalio vya valvu hupoozwa kwa naitrojeni ya kimiminika mpaka vinasinyaa, silinda hedi inapashwa moto mpaka inatanuka, kisha roboti zinavipachika haraka kabla joto halijalingana. Vikishalingana, havitoki tena. Mkono wa binadamu ungechelewa, na ungeungua kwa baridi. Hata Affalterbach, kijiji cha Ujerumani ambako AMG hufunga injini zao kwa kaulimbiu ya mtu mmoja, injini moja, fundi anayeweka saini yake siku hizi anakaza bolti kwa spana ya umeme iliyounganishwa na kompyuta, inayohesabu na kuweka kumbukumbu. Anayetia saini anajua kwamba nyuma ya saini yake kuna orodha ya kila bolti na nguvu iliyokazwa nayo. Mimi saini ya namna hiyo ninaiamini zaidi kuliko ya zamani.

Sasa nisiitendee laini dhuluma. Kuna kitu inacho ambacho mkono hauwezi kukipata hata ujitahidi vipi, nacho ni wingi wa ushahidi. Injini iliyotoka mara laki kadhaa imeendeshwa na watu laki kadhaa, kwenye baridi na joto, na wenye kubadilisha oili na wasiobadilisha. Udhaifu wake ukiwepo unajulikana, na kiwanda kinaurekebisha mwaka unaofuata. Injini ya 2JZ ya Toyota, silinda sita mstari mmoja, lita 3, ni ya laini. Mafundi wa Afrika Mashariki wanaijua kutoka kwenye Crown na Aristo zilizokuja zikiwa zimetumika. Ile yenye tabo mbili iliwekwa kwenye Supra mwaka 1993 ikiwa na nguvu za farasi 280 kwenye karatasi za Kijapani, na watu wa mbio wakagundua kwamba bloku lake la chuma cha kuyeyusha linabeba zaidi ya farasi 1,000 likibadilishiwa vya ndani. Hakuna jina la mtu juu ya bloku hilo.

Wakenya nao wana ushahidi wao. Katika Safari Rally ya 1994, Patrick Njiru alimaliza wa nne akiwa na Subaru Impreza ya kundi ambalo sheria zake zinalitaka gari libaki karibu sana na lile linalouzwa dukani. Mawe, tope na vumbi la Kenya kwa siku kadhaa, na injini yenye asili ya laini ikarudi nyumbani. Mimi siku zile nilikuwa nafuatilia kwa redio, na hadi leo nikiliona Impreza la zamani barabarani ninageuka.

Halafu kuna kosa ambalo mkono na laini vyote haviwezi kuliona, kwa kuwa limezaliwa kwenye mchoro. Mwaka 2014 Porsche waliwaambia wenye 911 GT3 mpya, magari 785, wasiyaendeshe, baada ya mawili kushika moto. Bolti za konrodi zilikuwa zimelegea, konrodi ikatoboa injini, oili ikavuja na kushika moto.  Kampuni ilibadilisha injini zote 785, ikaweka bolti za muundo mwingine. Fundi bora kuliko wote angezikaza bolti zile kama alivyoelekezwa, kwa uaminifu, na bado zingelegea.

Niwaambie kilichonipata mimi, maana ndicho kilichonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito.

Miaka kadhaa iliyopita gari langu liliunguza gasketi ya silinda hedi. Nililipeleka kwa fundi mmoja jijini Dar es Salaam, mtu mwenye sifa, mwenye mkono mwepesi. Alifumua mchana, akafunga jioni. Bolti za hedi alirudisha zilezile za zamani, na alizikaza kwa kuhisi. Nilipomuuliza kuhusu spana ya kupimia akaniambia mkono wake ni spana, umekaza hedi tangu mimi sijui gari ni nini. Nilimwamini, kwa sababu kwa kweli alikuwa hodari. Wiki ya tatu, nikitokea Morogoro, nikiwa sijafika Chalinze, mshale wa joto ukapanda na mvuke ukatoka. Nilikuwa na watoto ndani ya gari. Tulikaa kando ya barabara kuu kwa muda wa saa nne, malori yanapita, jua linawaka.

Bolti za hedi kwenye injini nyingi za sasa zimeundwa kuvutika. Unazikaza kwa nguvu fulani, kisha unaongeza nyuzi 90, kisha pengine nyuzi nyingine 90, na bolti inanyooka kidogo kama mpira mgumu. Kule kunyooka ndiko kunakoibana hedi sawasawa hata injini ikipata moto na kupoa. Ikishanyooka mara moja, imemaliza kazi yake, ya pili haina. Hakuna mkono duniani unaoweza kuhisi tofauti hiyo. Nasema hivi bila kumdharau mzee yule.

Fundi wa pili alifanya kazi siku tatu, na siku ya kwanza yote hakufunga kitu. Aliweka rula ya chuma juu ya hedi, akapitisha vijembe vya kupimia chini yake, akanionyesha mwanga unapenya wapi. Hedi ilikuwa imepinda. Ikaenda kusagwa. Akanunua bolti mpya. Alipoanza kukaza alikuwa na spana ya toki, na kando yake daftari la shule, lile la kurasa 96, ameandika mpangilio wa bolti kumi kwa namba: anaanza za katikati, anatoka nje kwa zamu. Kila bolti aliyomaliza aliiwekea alama kwa kalamu, na kila duru aliiandika daftarini. Injini ilikuwa ya laini, imetoka Japani pamoja na nyingine zisizo na idadi. Lakini siku zile tatu, kwenye banda lile lenye bati linalovuja, ilikuwa imefungwa kwa mkono, na kwa haki yote.

Alipomaliza aliandika tarehe, kilomita zilizokuwa kwenye dashibodi na nguvu aliyokazia, kisha akaweka jina lake chini. Akaichana karatasi, akanipa, akasema likitokea lolote nije nayo nimuulize yeye. Ni mwaka wa sita sasa. Karatasi ipo kwenye droo ya gari, imeingia oili pembeni, lakini jina linasomeka. Kijana wangu, Jumatatu naleta gari kubadilisha oili. Ifungue hiyo droo uisome.